Jogoo wa Utuvu na Birika la Bi Semeni

"Arobaini na moja! Na jua bado halijafika utosini! Semeni, jogoo wangu amewika mara arobaini na moja tangu nimalize kunawa uso!"

"Na wewe umekaa ukamhesabu. Mwanamume mzima, Pazi, kazi yako kuhesabu jogoo."

"Nitafanya nini, na hanipi nafasi ya kufanya kingine? Akiwika, kuku wanadhani kumekucha, wanashuka. Akinyamaza, wanadhani kumekuchwa, wanapanda. Kuku wangu wamekonda kwa kupanda na kushuka!"

"Basi mtafutie mganga."

"Nimtafutie mimi? Umemharibu wewe! Wewe na huo uvundo wa raha unaotoka jikoni kwako!"

Nje ya ua wa michongoma uliozunguka na kutenganisha nyumba hizo mbili, alikuwa amesimama Kitwana Mbwera, mkoba begani, macho ameyafumba, pua ameinyanyua kama mtu anayesikiliza kwa pua. Hakuwa amekuja kusikiliza ugomvi, ingawa kwa kusema kweli hakuna ugomvi wa majirani uliowahi kupita karibu na Kitwana bila yeye kutoka na kiti chake. Safari hii kilichomsimamisha kilikuwa hicho hicho alichokiita Bwana Pazi uvundo wa raha. Ilikuwa harufu ya kahawa. Kahawa ya kweli, iliyokaangwa hadi ikatoa jasho, ikatwangwa, ikachemshwa na tangawizi kidogo. Miezi saba Kitwana hakuwa ameonja kitu cha harufu hiyo, na siku nne alizokaa katika nchi ya Utuvu zilikuwa zimemkatisha tamaa ya kukiona tena.

Kitwana alikuwa fundi wa magodoro katika mtaa wa Pangoni, kwao, na watu wa kwao walimjua kwa mambo mawili: magodoro yake hayakufanya mabonde, na hakukosa hata siku moja kwenye baraza la kahawa. Baraza hilo lilikuwa na utaratibu wake. Kikombe cha kwanza ni cha kusalimiana. Cha pili ni cha mpira na serikali. Cha tatu ndicho chenye majina ya watu. Anayetaka kujua nani kaposa, nani kaposwa, na nani kaonekana akitoka mlango wa nyuma wa nani, lazima afike cha tatu.

Kisha daktari wa zahanati akamshika mkono, akasikiliza, akasema, "Mzee Kitwana, moyo wako unakimbia wala hakuna anayeufukuza. Kahawa basi. Kafeini itakuondoa duniani."

Akawa anakwenda barazani na chupa yake ya maji ya tangawizi. Wenzake hawakumfukuza, la hasha. Walimwita "mgonjwa wetu" na kumwachia pembeni mwa benchi apate upepo. Ila kila kilipofika kikombe cha tatu, sauti zilishuka, vichwa vikaegemeana, na Kitwana akabaki anatazama visogo. Habari kwamba binamu yake mwenyewe ameongeza mke aliipata kwa mkewe, na mkewe aliipata kwa muuza dagaa. Siku hiyo alirudi nyumbani akajilaza kwenye godoro alilolishona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani akaliona gumu.

Kwa hiyo aliposikia kwamba iko nchi inayoitwa Utuvu, ambako watu wote wanakunywa kahawa asubuhi, mchana na jioni na mioyo yao imetulia kama maji ya mtungini, hakuuliza mara mbili. Njia aliyopita haituhusu. Alifika.

Ni kweli Watuvu walikunywa kahawa. Duka la kwanza alimoingia lilikuwa limefagiliwa vizuri, na ukutani kulitundikwa cheti chenye muhuri mkubwa wa Idara ya Utulivu: KILICHOONDOLEWA: CHOTE. Muuzaji alimmiminia kikombe. Kitwana akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akaliacha lipite. Yalikuwa maji ya moto yaliyowahi kusimuliwa habari za kahawa.

"Haya, sema," muuzaji akamhimiza.

"Niseme nini?"

"Haina tofauti! Ndiyo sheria. Mnywaji akimaliza kikombe husema kwa sauti, 'Haina tofauti!' Usiposema nafungiwa duka."

Kitwana akasema. Watu wengine watatu waliingia, wakanywa wakiwa wamesimama, wakasema "Haina tofauti!" kila mmoja kwa wakati wake, wakatoka bila kuangaliana. Hapakuwa na benchi. Alipouliza kwa nini, muuzaji alimshangaa: wakae wafanye nini?

Aliingia maduka kumi na mawili kwa siku nne, akasema haina tofauti mara kumi na mbili, na kila aliposema alijisikia amemsengenya marehemu.

Pole pole akaelewa nchi ile inavyokwenda. Kiwandani kwa Idara, buni mbichi zililowekwa katika maji ya moto mchana kutwa, hadi kila kitu kilichokuwa ndani yake kikatoka. Maji hayo meusi yaliitwa Lawama. Jioni yalimwagwa mferejini kwa heshima zote, bendi ikipiga. Bata wa mfereji ule walikuwa wakiogelea mbio mbio, wakigeuka na kurudi kama watu waliosahau ufunguo. Buni zilizobaki zilikaangwa, zikapelekwa kwa waonjaji sita wa serikali ili wathibitishe kwamba ladha haijapungua. Na waonjaji hao waliteuliwa kwa sifa moja: hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja kahawa nyingine maishani mwake.

Kitwana alidhani ametaniwa. Hakutaniwa. Watuvu waliamini kwamba anayekijua kitu tayari ana upande wake, na mwenye upande hafai kuhukumu. Waliowashauri wanandoa walikuwa makapera. Aliyefundisha kuogelea alikuwa bibi mmoja mwenye vyeti vingi ambaye hajawahi kulowa zaidi ya kifundo cha mguu. Na majirani wakigombana, mgeni wa kwanza kupita njiani ndiye anayekuwa hakimu wao, kwa kuwa hamjui yeyote kati yao.

Ndiyo maana Bwana Pazi alipoona kofia ya Kitwana juu ya michongoma, alipiga kelele ya furaha.

"Mgeni! Wewe mgeni? Unanijua mimi?"

"Sikujui, kaka."

"Unamjua huyu?"

"Naijua harufu ya jikoni kwake tu, na ningependa tujuane zaidi."

"Hakimu amepatikana!" akapaza sauti Bwana Pazi. "Kaiteni Idara! Leo kesi inakwisha!"

Bi Semeni, mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni na masizi kwenye shavu, alimtazama Kitwana kuanzia kofia hadi ndara. "Mungu wangu," alisema. "Umeniletea hakimu mwenye njaa."

Kabla ya adhuhuri ua wa Bi Semeni ulikuwa umejaa. Alikuja Mheshimiwa Ngwere mwenyewe, Msajili wa Ladha, mtu mrefu mwembamba mwenye koti lililofungwa vifungo vyote, na nyuma yake karani mwanamke amebeba madaftari. Jogoo aliletwa kama kielelezo, ndani ya tenga. Watu walipanda hata juu ya kinu ili waone.

"Mashtaka," alisoma Mheshimiwa Ngwere, "ni kwamba Bi Semeni, aliyekuwa mfagiaji na mmwagaji wa Lawama kiwandani, anapika kahawa yenye ladha. Sheria yetu ni nyepesi kueleweka. Chenye ladha kina kichocheo. Kichocheo huvuruga utulivu. Mshtakiwa akipatikana na hatia, birika lake litatobolewa na jiko lake litang'olewa. Na ushahidi—"

"Kokorikooo!" alisema ushahidi.

"Arobaini na sita," alinong'ona Bwana Pazi.

Kitwana alikuwa ameketi juu ya kiti cha hakimu, macho hayabanduki kwenye birika la shaba lililokuwa juu ya makaa. Alielewa vizuri hali yake. Ikiwa mle ndani mna kahawa ya kawaida, basi safari yake ilikuwa bure. Ikiwa ni kile alichokuwa akikitumaini, kahawa yenye ladha bila kafeini, basi kikombe chake cha tatu, benchi lake, majina ya watu wote wa Pangoni, vyote vilikuwa ndani ya birika ambalo mtu huyu mwenye vifungo anataka kulitoboa.

"Dada Semeni," alisema, "jieleze."

Bi Semeni alijifunga kanga upya. "Nimemwaga Lawama miaka tisa, bwana hakimu. Siku moja nikachovya kidole. Nikalamba. Nikasema, watu hawa wana wazimu? Wanatupa kahawa, wanahifadhi kokwa! Nikabeba ndoo moja nyumbani. Kwetu maji ya kisima yakiwa na harufu tunayapitisha kwenye mkaa wa vifuu, yanatoka safi. Nikayapitisha maji yale. Mkaa ukanywa kichocheo. Ladha haukuitaka, ikapita."

"Halafu?"

"Halafu nikaloweka buni nyingine, mbichi, ndani ya maji hayo hayo. Sikiliza hapa, hakimu, maana hapa ndipo wanaponiona mchawi. Maji yale yameshiba ladha. Yameshiba mpaka shingoni. Yakikutana na buni hayana nafasi ya kunyang'anya ladha ya mtu. Yanachukua kichocheo peke yake. Nazitoa buni, nazianika, nazikaanga. Maji nayarudisha mkaani. Basi."

Mheshimiwa Ngwere alikohoa.

"Unakiri, basi, kwamba uliiba Lawama."

"Nimeiba kilichomwagwa? Kawashtaki na bata!"

Kicheko kilipolipuka, Kitwana alimgeukia Bwana Pazi. "Kaka, jogoo huyu anakunywa kahawa?"

"Jogoo wangu? Ana adabu zake."

"Anachakura wapi?"

Bwana Pazi alianza kujibu kwa kishindo, kisha sauti ikampungukia. Alionyesha kidole chini ya michongoma, kwenye chungu ya mkaa mweusi uliolowa, ambao Bi Semeni alikuwa akiutupa kila akimaliza kuchuja. Chungu nzima ilikuwa imejaa alama za kucha.

"Anapenda sana pale," alisema polepole. "Tangu mwezi uliopita hatoki pale."

Kitwana akasimama. Hakuwa amesoma sheria popote isipokuwa barazani, lakini baraza la Pangoni lilikuwa limemfundisha kumkamata mtu kwa maneno yake. "Waungwana, kichocheo kilikuwa kimoja. Kama kimo ndani ya jogoo, na sote tunamsikia, basi hakimo ndani ya birika. Hakiwezi kulala nyumba mbili."

"Kokorikooo!"

"Ahsante, shahidi."

Mheshimiwa Ngwere alipandisha mabega. "Maneno mazuri. Lakini ladha ipo. Naambiwa ipo. Na chenye ladha kina kichocheo. Nani atathibitisha vinginevyo? Waonjaji wangu hawawezi. Wakionja hiyo watakuwa wamejua kahawa, na wakijua hawafai tena kazi."

"Mimi nitaonja," alisema Kitwana.

"Unaijua kahawa wewe?" Msajili aliuliza haraka, na karani akainua kalamu.

Hapo Kitwana alisita. Akisema hapana, atakuwa amedanganya kwenye kiti cha hakimu. Akisema ndiyo, watamshusha.

"Mheshimiwa, sheria yenu inataka hakimu asiwajue majirani. Siwajui. Ya kahawa haikuandikwa. Na mimi naijua kahawa kuliko ninavyomjua shemeji yangu. Naijua na yenyewe inanijua. Nikinywa nusu kikombe cha ile ya kweli, moyo wangu unapiga ngoma mpaka aliyekaa pembeni anaisikia. Daktari amenikataza. Karani wako na anishike mshipa. Nikinywa tatu na mshipa ukatulia, mama huyu hana kosa. Usipotulia," akameza mate, "nizikeni vizuri, na mmpelekee mke wangu mkoba."

Bi Semeni alisogea karibu naye. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Bwana mgeni," alimwambia kwa sauti ya chini, "huyu jogoo wa watu hakupimwa, na kahawa yangu haikupimwa. Naamini, lakini sijui. Usijiue kwa ajili ya birika langu."

"Si kwa ajili ya birika lako, dada. Mimina."

Karani akamshika mkono. Kitwana akanywa.

Kwanza ulikuja uchungu, ule uchungu mtamu unaokaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Kisha moshi. Kisha kitu kama tende iliyoungua kidogo pembeni, na tangawizi ikifuata nyuma ikifunga mlango. Macho yalimjaa machozi. Watu walidhani ndiyo yanaanza, wakarudi nyuma hatua moja.

"Cha pili," alisema.

Akanywa. Akasubiri moyo wake kama mtu anayesubiri mkopeshaji mlangoni. Haukuja.

"Cha tatu."

Baada ya cha tatu, Mheshimiwa Ngwere aliamua kutumia muda wa kusubiri kwa kuhutubia. Alieleza historia ya utulivu tangu kuanzishwa kwa Idara. Alieleza vifungu. Alieleza vifungu vidogo vilivyo chini ya vifungu. Jua lilikuwa la joto, ukuta ulikuwa na kivuli, na Kitwana hakuwa amelala usingizi wa kushiba tangu aondoke Pangoni. Kifungu cha kumi na nne kilimkuta kidevu kifuani. Cha kumi na tano kilimkuta anakoroma.

Alipoamshwa alikuta ua mzima umegawanyika. Nusu walisema kahawa hiyo ni halali, maana mtu amekunywa vikombe vitatu akalala kama mtoto mchanga. Nusu walisema si haki, hotuba ile ingemlaza hata jogoo, na kweli, jogoo alikuwa kimya ndani ya tenga, amefumba jicho moja.

"Mshipa!" alipaza sauti Bi Semeni. "Muulizeni aliyeshika mshipa!"

Karani alifungua daftari. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. "Kabla ya kikombe cha kwanza, sabini na nane kwa dakika. Baada ya cha tatu, sabini. Wakati wa usingizi, sitini na nne." Akageuza ukurasa. "Wakati huo huo, Mheshimiwa, nilikushika na wewe kidogo ili nilinganishe. Mia na kumi."

Hakuna aliyesikia kilichofuata kwa muda wa robo saa nzima. Wanawake walipiga vigelegele, kinu kikaanguka na waliokuwa juu yake, Bwana Pazi akamkumbatia Bi Semeni kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akamwachia. Kitwana alipopata nafasi ya kusema alitoa hukumu fupi: birika halitobolewi, mkaa uliotumika uzikwe mbali na makucha ya mtu yeyote, na Bwana Pazi, kwa hasara ya kuku kukonda, atakunywa bure hapa mpaka wanenepe.

Akanywa Bwana Pazi. Mdomo wake ulijiandaa kusema kile ambacho umesema maisha yote, "Haina—" ukashindwa.

"Ina tofauti," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata barua kutoka kwa ndugu aliyepotea. "Semeni, ina tofauti!"

Neno hilo lilizunguka ua. Vikombe vikaazimwa nyumba ya tatu na ya nne. Tatizo likawa moja: Watuvu walikuwa wakipiga funda wima, wanatazama mlango. Kitwana ilibidi awafundishe. Alilaza mbao juu ya matofali, akawakalisha. Akawaambia cha kwanza ni cha kusalimiana, na wakasalimiana, majirani wa miaka ishirini, wakaulizana majina ya watoto. Cha pili wakaanza kuisema serikali, kwanza kwa kunong'ona. Na kilipofika cha tatu, Bwana Pazi alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwegemea Kitwana begani.

"Mgeni, unajua kwa nini yule Msajili hajaoa mpaka leo?"

Kitwana alifumba macho kwa raha. Moyo wake ulikuwa umetulia na sikio lake limejaa. Karibu na mkoba wake palikuwa na dumu la maji yaliyoshiba, zawadi ya Bi Semeni, na mfuko wa mkaa wa vifuu. Alikuwa tayari amekwisha kujiona barazani Pangoni, katikati ya benchi na si pembeni, anamwambia binamu yake: haya, tuanze na wewe.

Ghafla sauti zikashuka. Vichwa vikaegemeana. Kitwana alifungua macho akitafuta sababu, akaiona nje ya ua. Mheshimiwa Ngwere hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama upande wa pili wa michongoma, kofia mkononi, akichunguza jani moja kwa makini makubwa, pua yake ikimsaliti. Pale alipokuwa, alikuwa anatazama visogo.

Kitwana alivijua visogo hivyo. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye ua.

"Mheshimiwa, unatafuta nini kwenye miiba?"

"Nakagua."

"Umeona nini?"

"Ni michongoma," alikiri Mheshimiwa Ngwere. Alijaribu kufunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Mimi siruhusiwi kuonja, mgeni. Nikionja leo, kesho sina ofisi. Endeleeni. Nitasimama hapa tu."

"Nani amekutajia kikombe?"

Kutoka jikoni Bi Semeni alitoa kichwa, mwiko mkononi. "Kuna muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga! Na nimeuliza karani, hakuna kifungu chochote kinachokataza muhogo! Mwambieni avue viatu, chakula kinapoa!"

Kitwana alirudi kwenye benchi na kumsukuma Bwana Pazi kwa nyonga. Bwana Pazi akamsukuma karani, karani akamsukuma aliyefuata, mpaka katikati, wala si pembeni, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Ingia ndani, Mheshimiwa," alisema, akipapasa ubao. "Njoo ukae. Njoo tule."